Pankeki za mashanza: mwongozo kamili kwa jiko la makala la Goma

Malalamiko ni yale yale. Pankeki zimetoka nyembamba na ngumu kama chapati ya jana. Nje zimeungua, katikati zinanata. Zimeumuka vizuri kikaangoni, kisha zikabonyea kabla ya kufika mezani. Au zina harufu ya sabuni, na watoto wamezisukuma pembeni.

Anayeshindwa hukimbilia kutafuta vipimo vingine. Mara nyingi vipimo havina neno. Kosa liko kwenye mashanza, yaani maziwa yaliyogandishwa, yakiwa mazito au mepesi kuliko yanavyotakiwa, kwenye mkono uliokoroga kupita kiasi, au kwenye makala (makaa) yanayowaka mno. Vipimo vingi vinavyosambazwa vimeandikwa kwa mtindi wa dukani, ambao kila chupa inafanana na nyingine, kwa jiko lenye kitufe cha kupunguza moto, na kwa miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Goma, mashariki mwa Kongo, iko kwenye mita 1,500 hivi, maziwa yanashuka kutoka milima ya Masisi yakiwa ndani ya bidoni (madumu), na moto ni wa mbabula, yaani jiko la makala. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa hali hiyo. Bukavu ni hivyo hivyo. Lubumbashi iko chini kidogo, kama mita 1,200, lakini hakuna cha kubadilisha.

## Vitu vya kutayarisha

Kwa pankeki 10 hadi 12, za kutosha watu wanne:

- unga wa ngano, gramu 250
- mashanza, mililita 400, na mengine mililita 50 ya kurekebishia
- mayai 2. Kama ni madogo ya kienyeji, 3
- sukari, vijiko 2 vya chakula
- siagi au majarini, gramu 40, au mafuta ya kupikia vijiko 3 vya chakula
- levire ya keki (baking powder), kijiko 1 cha chai
- bikaboneti (soda ya kuokea), nusu kijiko cha chai
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- mafuta kidogo ya kupaka kikaango

Vijiko vyote visawazishwe kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha bikaboneti kilichojaa kilima ni karibu vijiko viwili, na hapo ndipo harufu ya sabuni inapoanzia.

Kama huna mizani, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate shingo na uiwekee alama katikati. Hadi alama hiyo ni mililita 250. Unga ujazwe humo kwa kijiko, bila kuushindilia na bila kuigongesha chupa mezani: mara mbili ni kama gramu 250. Ukiichovya chupa moja kwa moja ndani ya mfuko wa unga, unapata robo zaidi bila kujua.

Vyombo: bakuli mbili, uma au mwiko wa mbao, kichungi, upawa mdogo, mwiko bapa wa kugeuzia, koleo la makala, kitambaa safi, na kikaango kizito chenye kitako kilichonyooka. Sufuria nyepesi ya bati haifai. Joto la kila kipande cha kala hupita moja kwa moja hadi kwenye pankeki, na utaona madoa meusi yaliyopangika sawasawa na makala yalivyo chini. Kikaango kizito cha aluminiamu ya kuyeyushwa, kile kinachotengenezwa hapa hapa mjini, kinafanya kazi vizuri sana. Kikaango kisichoshika chakula kinakubalika pia, ila kisiachwe kitupu juu ya makala makali, kwa maana utando wake ukipata moto kupita kiasi hutoa moshi wenye madhara.

### Unga, levire na bikaboneti

Unga mwingi unaouzwa Goma ni wa waoka mikate. Una nguvu nyingi, yaani ukikorogwa huvutika haraka. Ukipata maizena (wanga wa mahindi), toa vijiko 3 vya chakula vya unga na uweke vijiko 3 vya maizena mahali pake. Pankeki zitalainika wazi. Bila maizena pia inawezekana, mradi ukoroge kidogo kuliko hata kile unachodhani ni kidogo.

Dukani usiombe «levire» peke yake. Utapewa punje ndogo za kahawia, ile ya mikate, ambayo inataka saa nzima ya kuumua na haifai hapa. Omba levire ya keki, ile ya unga mweupe laini.

Magadi ya kulainishia maharage yasitumike mahali pa bikaboneti. Yana ukali zaidi, na pankeki zitageuka rangi ya njano na kuacha ladha ya sabuni mdomoni.

Vipime vyote viwili kabla ya kuanza, hasa kama pakiti imefunguliwa siku nyingi. Dondosha ndimu juu ya robo kijiko cha bikaboneti: lazima ipige povu papo hapo kwa sauti ya kusikika. Levire ya keki itie katika maji ya moto kidogo: povu lipande. Kama haitoki, tupa. Hakuna ufundi utakaoinua pankeki zenye levire iliyokufa, na unyevunyevu wa msimu wa mvua huiua haraka kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti.

## Mashanza: hapa ndipo pankeki inapoanza

Kazi ya mashanza si ladha tu. Uchachu wake ukikutana na bikaboneti hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoinua pankeki. Uchachu huohuo hulegeza nguvu ya unga, kwa hiyo pankeki inakuwa laini. Basi mashanza yenye uchachu mdogo yanaharibu mambo mawili kwa pamoja: gesi haitoshi, na bikaboneti iliyokosa mwenzake inabaki humo ikileta ladha mbaya.

Mashanza ya mtaani hayafanani. Ya leo asubuhi ni mepesi na matamu kidogo, ya siku mbili ni mazito na makali, na kuna wauzaji wanaoongeza maji. Muulize anayeuza: «Mama, haya ni ya leo ao ya jana?» Kwa pankeki unataka ya jana. Nusa bidoni kabla ya kulipa. Harufu iwe ya uchachu safi. Ikinuka pombe, uchungu, au mafuta ya kitu kilichowahi kukaa humo, achana nayo.

Uliza pia kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kugandisha hakuviondoi. Pankeki iliyoiva hadi katikati haina shida, lakini usionje mashanza hayo wala rojo mbichi, na usiwaachie watoto bakuli la kulamba. Vyombo vilivyogusa mashanza hayo vioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

### Kupima uchachu bila kuonja

Weka vijiko 2 vya mashanza kwenye kikombe. Tia bikaboneti kiasi cha ncha ya kisu, koroga mara moja, angalia.

Povu likipanda mara moja na kubaki limesimama, uchachu unatosha: fuata vipimo vilivyo juu.

Vikitoka viputo vichache na kutulia, mashanza bado machanga. Punguza bikaboneti iwe robo kijiko, na ongeza levire ya keki ifike kijiko kimoja na nusu. Levire ya keki imebeba uchachu wake ndani, haitegemei maziwa.

Kama ni makali sana, ya siku tatu hivi, bikaboneti inaweza kufika robo tatu ya kijiko. Zaidi ya hapo hapana, hata kama mashanza yanakunja uso.

### Kupima uzito

Mimina mashanza polepole kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Yanatakiwa yatiririke mfululizo, mazito kuliko maziwa ya kawaida. Yakidondoka kwa mabonge, yapige kwa uma mpaka yawe laini, kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja kimoja. Yakimiminika kama maji, yaache yatulie dakika 20, maji ya kijani-njano yakijitenga juu uyapunguze kwa kijiko. Usiyamwage yote, nayo yana uchachu.

### Ukitaka kugandisha mwenyewe

Chemsha lita moja ya maziwa hadi yapande, punguza moto, yaache yachemke dakika chache. Yapoe mpaka kidole kikae humo bila kuhisi joto wala baridi. Tia vijiko 4 vya mashanza mazuri ya mbegu, koroga, funika kwa kitambaa. Chombo kiwe cha plastiki safi, kioo au udongo. Sufuria ya aluminiamu isitumike, kwa kuwa uchachu ukikaa humo usiku kucha unachukua ladha ya chuma. Usiku wa Goma una baridi, kwa hiyo kizungushie blanketi na ukiweke karibu na jiko lililozimwa. Baada ya saa 18 hadi 24 yatakuwa yameshika.

Mwenye subira anaweza kutikisa mashanza hayo kwa nguvu ndani ya chupa kubwa iliyojaa nusu, dakika 15 au zaidi, hadi chembe za siagi zielee. Ukizichuja unabaki na mtindi halisi, mwepesi na mchachu, na siagi yako ya pankeki umeipata humo humo.

### Siku ambayo mashanza hayapatikani

Barabara ya Masisi ikifungwa, maziwa hupotea sokoni. Maziwa ya unga yanaokoa: changanya mililita 350 kama unavyochanganya ya chai lakini yawe mazito kidogo, tia kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maji ya ndimu, subiri dakika 10 yakatike. Hayatafikia uzito wa mashanza, ndiyo maana kiasi kimepunguzwa. Yogati nayo inafaa: mililita 300 pamoja na maji mililita 100. Kama ni ile yenye sukari, usiongeze sukari nyingine.

## Hatua za kupika

### 1. Washa makala kwanza

Nusu saa kabla ya kukaanga. Pankeki haingoji moto; rojo ikishachanganywa, gesi inaanza kutoka, na kila dakika ya kupepea makala unaipoteza.

Jaza mbabula theluthi mbili. Iwashie nje au barazani penye hewa. Hata siku ya mvua, usiingize mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya makala haina harufu, na inaua.

### 2. Changanya vitu vikavu

Chekecha unga, levire, bikaboneti na chumvi pamoja kwenye bakuli kubwa. Bikaboneti hushikana vidonge vidogo. Visage kwa mgongo wa kijiko dhidi ya kichungi. Kidonge kimoja kikibaki kinakuwa doa la njano lenye uchungu ndani ya pankeki. Tia sukari, changanya kwa uma.

Bikaboneti iingie kwenye unga, isiingie kwenye maziwa. Ukiitia kwenye mashanza, povu lote litapandia kikombeni na pankeki haitapata kitu.

### 3. Changanya vitu vya majimaji

Yeyusha siagi, iache ipoe hadi iwe vuguvugu. Piga mayai kwenye bakuli la pili, tia mashanza, kisha siagi kidogo kidogo huku ukikoroga. Hapa unaweza kukoroga utakavyo, unga haujaingia bado.

Mashanza yasiwe ya kutoka kwenye friji moja kwa moja. Siagi itaganda na kuwa vidonge vinavyoelea. Mayai nayo yasikutane na siagi ya moto, yatashika.

Kwa wanaotumia mafuta: mawese hapana. Ni mazuri kwa sombe (kisamvu). Kwa pankeki yanafunika ladha ya maziwa na kuzipa rangi nyekundu.

### 4. Unganisha, kisha uache

Chimba shimo katikati ya unga, mimina majimaji yote kwa mara moja. Koroga kwa mwiko ukizungusha kutoka chini kwenda juu, kama mara 12 hadi 15. Acha pale ambapo hauoni tena unga mkavu.

Rojo itakuwa na madonge. Ndivyo inavyotakiwa. Donge la ukubwa wa punje ya dengu litajilowesha lenyewe na kupotea wakati wa kupumzika na kupika. Lile la ukubwa wa haragwe livunje kwa ncha ya uma, bila kukoroga bakuli zima.

Hatua hii ndiyo inayowashinda wapishi hodari. Aliyezoea kukanda chapati au kupiga unga wa maandazi, mkono wake unataka kuendelea mpaka kila kitu kiwe laini. Ukifanya hivyo, unga unashikana nyuzi, gesi inatoka, na unapata kitu cha kutafuna kwa bidii. Mashine ya kusagia matunda nayo ibaki kabatini.

### 5. Pima rojo kwa kijiko

Sasa sahau vipimo vya mililita, maana mashanza yako si sawa na ya jirani. Inua kijiko kilichojaa rojo na ukiinamishe. Rojo nzuri huanguka polepole, kwa utepe mzito unaokatikakatika, na inapofika bakulini inakaa juu sekunde mbili tatu kabla ya kuzama.

Iking'ang'ania kijikoni, ongeza mashanza kijiko kimoja cha chakula, zungusha mwiko mara mbili, pima tena. Ikitiririka bila kukatika, nyunyiza unga kijiko kimoja. Kati ya nzito kidogo na nyepesi kidogo, chagua nyepesi kidogo, kwa sababu itaongezeka uzito ikipumzika.

### 6. Pumzisha dakika 10

Funika bakuli kwa kitambaa. Unga unakunywa majimaji, nyuzi zinalegea. Ukirudi utakuta rojo imevimba na juu yake kuna viputo. Usiikoroge tena, hata kidogo. Chota kutoka pembeni ya bakuli.

Usizidishe dakika 20. Bikaboneti inafanya kazi mara inapolowa, haisubiri moto.

### 7. Tayarisha makala

Makala mapya yana miali, na miali huchoma ngozi ya pankeki kabla joto halijafika ndani. Ngoja miali yote iishe na kila kipande kivae majivu. Sambaza kwa koleo yawe tabaka moja la usawa, bila rundo katikati. Vipande vikubwa vivunje.

Kikaango kikae sawa. Nyua nyingi za Goma ni mawe ya volkano, mbabula inainama upande mmoja bila mtu kutambua, rojo inakimbilia huko, na unapata pankeki nene upande mmoja na kavu upande mwingine. Tia kikaango maji kidogo uone yanaelekea wapi, kisha ingiza kijiwe chini ya mguu wa mbabula. Kausha kikaango kabla ya kuendelea.

Kupunguza moto kuna njia nne, kwa mpangilio huu: funga kidirisha cha mbabula, nyunyiza majivu juu ya makala, toa vipande viwili vitatu kwa koleo, inua kikaango juu ya vyuma viwili. Kuongeza moto, fungua kidirisha na upepee taratibu kutoka chini, kikaango kikiwa kimetolewa ili majivu yasirukie chakula. Upepo wa ziwa unapovuma jioni unapepea badala yako, na moto unapanda bila wewe kujua. Geuza kidirisha kiangalie ukuta.

Ukipika tatu tatu, pankeki zote zinaisha ndani ya dakika 20 hivi, na makala ya mara moja yanatosha. Usiongeze makala mabichi katikati ya kazi. Ukipika mara mbili ya kiasi hiki, washa mengine pembeni, yaingie yakiwa tayari yamevaa majivu.

### 8. Pima joto la kikaango

Kikaango kipate moto dakika 4 hadi 5. Dondosha tone la maji. Likikaa na kuchemka polepole, bado. Likipiga kelele na kuisha ndani ya sekunde mbili, tayari. Likigeuka kijitone cha duara na kukimbiakimbia bila kuisha, kikaango kimepita kiasi; kiinue, kisubiri dakika moja.

Paka kikaango kwa kitambaa kilicholowa mafuta, kisha upanguse kwa upande mkavu. Uone mng'ao tu, usione mafuta yakitembea. Mafuta yakijaa, kingo zinakaangika na kukauka kama za maandazi, na uso unatoka na mabaka badala ya rangi moja ya kahawia.

### 9. Pika ndogo ya majaribio

Kijiko kimoja cha rojo. Baada ya dakika moja na nusu, inua ukingo uangalie chini. Kahawia ya dhahabu: endelea. Nyeusi: punguza moto. Nyeupe hata baada ya dakika tatu: ongeza. Kisha ipasue ikiwa imeiva pande zote. Ndani pawe na matundu madogo madogo na pasiwe na ute.

Kisichoonekana katika hii ndogo hakitajirekebisha katika kubwa. Dakika tatu hizi zinaokoa unga wote.

### 10. Mimina na usiguse

Upawa mmoja wa mililita 60 kwa kila pankeki. Mimina kutoka karibu, mahali pamoja, bila kuzungusha kikaango. Rojo nzuri inajitandaza yenyewe hadi upana wa sentimita 10 hivi na kusimama, ikiwa na unene wa karibu sentimita moja. Acha nafasi ya vidole viwili kati yake.

Subiri dakika 2 hadi 3. Viputo vitapanda kwanza pembeni, halafu katikati. Viputo vya kwanza visikudanganye. Wakati wa kugeuza ni pale vinapopasuka katikati na tundu linabaki wazi bila kujazwa na rojo, na kingo zimepoteza mng'ao. Kama tundu linajifunga, subiri.

### 11. Geuza mara moja tu

Ingiza mwiko bapa chini ya pankeki yote, inua kidogo, geuza karibu na kikaango. Ukiirusha juu, rojo ya ndani itamwagika pembeni.

Sasa itavimba mbele ya macho yako. Usiibonyeze. Watu wengi huigandamiza kwa mwiko wakidhani inaiva haraka. Wanachofanya ni kutoa gesi waliyoihangaikia tangu asubuhi. Dakika moja hadi moja na nusu inatosha. Upande wa pili hautapata rangi sawa na wa kwanza, na si kosa.

Imeiva ukigusa katikati kwa kidole na panarudi juu. Pakibaki shimo, iongeze nusu dakika.

Kabla ya kumimina nyingine, pangusa kikaango na upake tena mafuta kidogo. Mabaki ya siagi yaliyoungua ndiyo yanayozipa pankeki za mwisho uchungu.

### 12. Zitunze zikiwa moto

Tandika kitambaa ndani ya sufuria pana, zipange zikiegemeana, funika huku ukiacha upenyo. Ukizirundika na kufunika kabisa, mvuke unarudi na zinalowana. Sufuria ikae pembeni ya mbabula, isikae juu yake.

## Zikikataa, tafuta sababu hapa

Zimetambaa na kuwa nyembamba. Rojo ni nyepesi, au imekaa muda mrefu. Kwa ile iliyobaki bakulini, nyunyiza vijiko 2 vya unga uliochanganywa na nusu kijiko cha chai cha levire ya keki, zungusha mara tatu, pika mara moja.

Zimevimba kikaangoni zikabonyea sahanini. Ama zimegeuzwa mapema na ndani hazijashika, ama gesi imezidi. Hili la pili linawapata sana wanaotumia vipimo vya miji ya pwani. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi inatanuka zaidi, inapasua kuta za rojo kabla hazijaiva. Kama una vipimo vyako unavyovipenda, punguza levire na bikaboneti kwa robo, na ongeza kijiko kimoja au viwili vya mashanza. Kwa sababu hiyo hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na unyevu hukauka haraka.

Nje zimeungua, ndani zinanata. Moto. Karibu kila mara ni moto. Mara chache ni sukari iliyozidi: vijiko vinne badala ya viwili hufanya uso uwe mweusi kabla ya ndani kuiva.

Nyeupe, kavu, hazina rangi. Moto mdogo. Pankeki imekaa dakika tano ikikauka badala ya kuiva. Au umesahau sukari, ambayo inasaidia rangi.

Zinavutika mdomoni. Umekoroga sana, au unga ni wa mikate na hukuweka maizena.

Zina ladha ya sabuni, rangi ya njano au kijivu ndani. Bikaboneti imezidi kuliko uchachu. Rudi kwenye kile kipimo cha povu.

Zinashika kikaango. Kikaango hakijapata moto wa kutosha wakati rojo inaingia, au kina mabaki. Kisugue kwa chumvi kavu na kitambaa, kipashe upya, paka mafuta. Usikwangue kwa kisu; utaacha mikwaruzo itakayoshika kila siku.

## Kuandaa usiku na kuhifadhi

Rojo haitunzwi. Ukitaka kupika alfajiri kabla watoto hawajaenda shuleni, usiku changanya vikavu kwenye kopo lenye mfuniko, yeyusha siagi uiache kwenye kikombe, acha mashanza tayari. Asubuhi unaongeza mayai, unaunganisha, na dakika 10 za kupumzisha zinaisha wakati kikaango kinapata moto. Mchanganyiko mkavu unakaa wiki mbili mahali pakavu.

Pankeki zilizobaki zipoe kabisa kabla ya kufunikwa. Kwenye friji zinakaa siku mbili. Umeme ukikatika, zimalizwe siku hiyo hiyo. Zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, zimefunikwa, dakika moja kila upande, bila mafuta.

Za kula nazo: asali, ndizi mbivu zilizokatwa, au marakuja (pasheni) yaliyokamuliwa na sukari kidogo, uchachu juu ya uchachu. Kwa wasiopenda vitu vitamu asubuhi, kipande chembamba cha fromaji (jibini) ya Masisi kiwekwe juu ya pankeki mara tu inapogeuzwa, kilainike huku upande wa pili unaiva. Fromaji hiyo ina chumvi, kwa hiyo punguza ya kwenye rojo iwe robo kijiko.